Maisha ya John Akii-Bua, Bingwa wa Viunzi

Goti langu bado linauma kidogo. Wengi wenu mlikuwepo muhula uliopita siku ile nilipojikwaa kwenye kiunzi cha tatu nikalamba mchanga mbele ya shule nzima. Mlicheka, nami siwalaumu, maana hata mimi ningecheka. Viunzi vyetu mnavijua. Ni fito za mgunga zilizofungwa kwa kamba, na fito ya mgunga ukiigonga haianguki. Unaanguka wewe.

Basi nilipokuwa nimeketi kivulini nikitoa mchanga kwenye kidonda, mwalimu wa michezo akanijia. Akanieleza kwamba kulikuwa na bingwa wa dunia aliyekuwa na kovu kwenye paji la uso, na kovu hilo alilipata kwa mazoezi ya kuruka viunzi. Tena akasema bingwa huyo alikuwa jirani yetu. Nikamwuliza ni jirani wa wapi, wa Kaikor au wa Lowarengak? Akacheka, akasema ni wa ng'ambo ya Karamoja, na jina lake ni John Akii-Bua.

Sikuwa nimelisikia jina hilo hata siku moja. Mimi nilikuwa nimepanga kuandika juu ya Paul Ereng, mtoto wa Kiturukana aliyeshinda dhahabu ya mita 800 kule Seoul mwaka 1988. Lakini mnajua ukurasa huu wa gazeti letu ni wa watu mashuhuri waliokwisha kufariki, na Ereng yu hai. Mungu amzidishie miaka, ukurasa utangoja. Kwa hivyo nikamfuata huyu jirani, na kadiri nilivyomfuata ndivyo nilivyoona kwamba habari zake zinatuhusu sisi wa huku kuliko nilivyodhani.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda, upande wa mji wa Lira. Ukitoka hapa ukielekea machweo unapanda milima hadi Karamoja, na ukishaiacha Karamoja nyuma unaingia kwa Walango. Lugha yao siku hizi ni ya jamii ya Kiluo, inakaribiana na Kiacholi. Lakini wanahistoria wengi husema kwamba baadhi ya wazee wao walitoka mashariki pamoja na jamii za Ateker, yaani sisi Waturukana, Wakaramoja, Wateso na wengineo. Kwa hivyo mwalimu aliposema jirani hakukosea. Pengine angeweza hata kusema binamu.

Babake alikuwa chifu, mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 40. Hebu fikiria watoto zaidi ya 40 katika boma moja! Nyumbani kwetu tuko tisa na bado wa mwisho kufika kwenye sufuria hukuta ukoko. Katika boma kama lile mtoto asiyejua kukimbia atalala njaa, nadhani mmenielewa. Kijana Akii alichunga ng'ombe wa babake, na shule hakuifika mbali. Babake alipofariki, masomo yakakatika, akawa anafanya kazi katika biashara ya ndugu yake mjini. Hapo hakuna cha ajabu. Vijana wangapi wa Lodwar na Lokichoggio wako nyuma ya kaunta za ndugu zao saa hii?

Kilichombadilishia maisha ni polisi. Alijiunga na polisi wa Uganda akiwa bado kijana mbichi, akapelekwa Kampala. Siku zile katika nchi zetu mtu asiye na pesa aliyetaka kuwa mwanariadha alikuwa na milango michache sana, na mkubwa ulikuwa ni kikosi: polisi, jeshi au magereza. Huko kulikuwa na chakula, viatu, uwanja na muda wa mazoezi. Kipchoge Keino wetu naye alikuwa polisi. Katika polisi ya Uganda kulikuwa na mkimbiaji wa viunzi aliyemtangulia, Jorem Ochana, na huyo ndiye aliyemshika mkono kijana wa Lango. Ochana alikuwa na mbinu ya kikatili kidogo. Aliweka kijiti juu ya kiunzi, ili anayeruka apite katikati, asiende juu sana angani. Ukiruka chini mno unagonga kiunzi kwa mguu, ukiruka juu mno unagonga kijiti kwa kichwa. Na hapo ndipo lilipotoka lile kovu la kwenye paji la uso.

Kwanza alikuwa akikimbia viunzi vya mita 110, zile mbio fupi zenye viunzi virefu. Mwaka 1968 Uganda ilimpata kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, ambaye naye wakati huo hakuwa na jina lolote. Huyu ndiye aliyemhamisha kwenda mita 400.

Sasa nieleze kidogo, kwa wale ambao Jumamosi hupenda kubaki bwenini. Mbio za mita 400 za viunzi ni duara moja zima la uwanja, na ndani yake kuna viunzi 10. Kila kimoja kimo chake ni sentimita 91 na ushei, yaani kinamfika mtu wa kawaida kiunoni. Kuna mita 45 kabla ya kiunzi cha kwanza, halafu mita 35 kati ya kiunzi na kiunzi, na mwisho mita 40 za kujifia mwenyewe. Ukitazama kwa mbali unaweza kudhani ugumu ni kuruka. La hasha! Ugumu ni kuhesabu. Hatua zako kati ya kiunzi na kiunzi lazima ziwe sawa, ili ufike kwenye kila kimoja na mguu ule ule uliozoea kutangulia. Ukichoka hatua zinafupika, hesabu inaharibika, unafika na mguu usiofaa, na hapo ndipo mtu hulamba mchanga. Mimi ni shahidi. Sasa Akii-Bua alikuwa na kipawa ambacho wengi hawakuwa nacho: aliweza kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Hesabu ikimharibikia, yeye hubadilisha mguu akaendelea kama kwamba hapakutokea neno.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akatoka wa nne. Wa nne ni nafasi mbaya sana, hupandi jukwaani wala huwezi kusema hukujaribu. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya Afrika na Marekani kule Durham, North Carolina, alishinda kwa sekunde 49.0, na hakuna mtu aliyekimbia kasi kuliko hiyo duniani mwaka ule. Hata hivyo Wazungu wengi hawakumtia maanani. Uganda na mbio za viunzi wapi na wapi?

Mazoezi yake kabla ya Munich ukiyasoma unahisi kiu. Alivaa kizibao chenye uzito wa kama kilo 11, akakimbia mita 1500 akiruka viunzi njiani, na viunzi hivyo viliinuliwa kuliko vya mashindano. Akimaliza anapumzika kidogo, anarudia tena, na tena. Sisi hapa tukiambiwa tuzunguke uwanja mara mbili jua likiwa kali tunatafuta mwalimu wa zamu atuandikie ruhusa.

Tarehe 2 Septemba 1972, Munich, Ujerumani. Fainali. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji wa viunzi huichukia kwa sababu kona yake ni kali na mwili unavutwa nje kila unapotua. Njia nyingine walikuwemo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Ralph Mann wa Marekani. Hemery alitoka kama mshale. Akatangulia kona ya kwanza, akatangulia mgongo wa uwanja. Huyu polisi wa Uganda alikuwa ndani kule, akiwaona wote mbele yake, maana ukiwa njia ya kwanza wenzako wote huanzia mbele yako. Walipoingia kona ya mwisho akaanza kuwakusanya mmoja mmoja, kama mchungaji anavyokusanya mbuzi jioni. Kufikia kiunzi cha mwisho hakukuwa na mtu mbele yake. Saa ilisema 47.82. Mann alipata 48.51, Hemery 48.52. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na wa pili alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya nusu sekunde, ambayo katika mbio hizi ni kama kutoka hapa hadi jikoni.

Ilikuwa ndiyo dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Na sasa jambo ninalolipenda kuliko yote: baada ya kumaliza, wenzake walipokuwa wameinama wakitafuta pumzi, yeye hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja akipunga mikono, akifika penye kiunzi anakiruka, hata pale ambapo hakuna kiunzi anaruka. Viunzi vya bure kabisa, visivyo na medali. Watu uwanjani walipagawa.

Sisi Wakenya tukiikumbuka Munich tunamkumbuka Keino, aliyeshinda dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji tarehe 4 Septemba, na vijana wetu wa kupokezana vijiti. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 5 watu wenye silaha wakaingia katika kijiji cha wanamichezo, na kabla mambo kwisha wanamichezo na makocha 11 wa Israeli walikuwa wamekufa. Kwa hiyo furaha ya Akii-Bua ilidumu siku tatu tu.

Na nyumbani je? Hapa inabidi nisimame kidogo kwa sababu ya wale tusiosoma historia vizuri. Milton Obote, aliyeitawala Uganda tangu uhuru, alikuwa Mlango. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua. Baada ya hapo Walango na Waacholi, hasa wale waliokuwa jeshini, waliuawa kwa wingi. Mwezi Agosti 1972, wakati Akii-Bua akijitayarisha kwa mbio, Amin aliwaamuru Wahindi waondoke Uganda katika siku 90. Katika nchi ya namna hiyo ndipo bingwa aliporudi na medali yake shingoni. Na kumbe Amin alimpokea kwa vigelegele! Akampandisha cheo polisi, akampa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Amin alipenda michezo, yeye mwenyewe aliwahi kuwa bondia. Tena ilimfaa kuwaonyesha wageni Mlango anayecheka na kufanikiwa, ili waulizao habari za Walango wengine wapate jibu.

Katika chama tulibishana sana juu ya jambo hili. Mmoja alisema Akii-Bua alikosea kuipokea nyumba ile, maana ilikuwa imejengwa juu ya mifupa ya ndugu zake. Mwingine akamwuliza: wewe ungeikataa, ungekwenda kulala wapi usiku huo, na watoto wako wangelala wapi? Mimi niko na huyu wa pili. Mtu aliyebebwa juu ya mabega ya Amin hakuwa na njia ya kushuka atakapo. Lakini sikatai kwamba nyumba ile ilimgharimu baadaye, kama mtakavyoona.

Januari 1973, Lagos, kwenye Michezo ya Afrika, alishinda tena kwa sekunde 48.54. Baada ya hapo miaka ikapita hivi hivi, safari zikawa za kuombewa ruhusa, lakini rekodi yake ya dunia haikuguswa na mtu. Macho yake yalikuwa Montreal, 1976. Alikuwa na miaka 26, umri ambao mkimbiaji wa viunzi huwa amekomaa lakini hajachakaa. Na Marekani kulikuwa kumetokea kijana wa miaka 20, mwanafunzi wa chuo, mrefu, mwenye hatua ndefu zisizobadilika, jina lake Edwin Moses. Dunia nzima ya riadha ilitaka kuwaona hao wawili kwenye mstari mmoja.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, kwa makaburu, wakati ule ule ambao damu ilikuwa mbichi barabarani. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Nchi za Afrika zikataka New Zealand izuiwe kushiriki Olimpiki. Wakubwa wa Olimpiki wakakataa, na nchi zaidi ya 20 zikajiondoa, Kenya na Uganda zikiwemo. Tarehe 25 Julai Moses akakimbia peke yake, kwa namna ya kusema, akashinda na kuivunja rekodi ya Akii-Bua kwa kiasi cha sehemu mbili tu za kumi za sekunde.

Jambo hili lilituchukua mkutano mzima wa chama, hadi kengele ya chakula ikalia na hakuna aliyeondoka, nanyi mnajua hilo si jambo la kila siku. Waliouawa Soweto walikuwa wanafunzi kama sisi, wengine wadogo kuliko sisi, na ugomvi wenyewe ulianza juu ya lugha ya darasani. Sisi wa Chama cha Kiswahili hatuwezi kusema kwamba jambo hilo halikuwa na uzito. Kwa hivyo nilisimama upande wa kususia, na bado nimesimama hapo. Lakini naona uchungu kwamba waliotoa kafara si wale waliokata shauri. Waziri alirudi kazini Jumatatu. Mkimbiaji wa miaka 26 ndiye aliyerudi nyumbani na miguu iliyotayarishwa kwa miaka minne bure. Hata kwetu iko hivyo. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978, na hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na ikasusia tena 1980. Tena inachoma zaidi kwamba Akii-Bua hakujua kama angeshindwa au angeshinda. Moses alikwenda akashinda mbio 122 mfululizo kati ya 1977 na 1987, labda angemshinda na yeye pia. Lakini hiyo labda ndiyo aliyokaa nayo maisha yake yote.

Sasa tufike pale ambapo rafiki yangu mmoja wa darasani alinishika shati. Rafiki huyu alizaliwa Kakuma, upande wa kambi, na wazazi wake walitoka Sudan. Nilipokuwa nikisoma rasimu hii mbele ya chama nikafika mwaka 1979. Majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yalikuwa yanakaribia Kampala, na mji ukaanguka tarehe 11 Aprili. Akii-Bua alimchukua mkewe na watoto, akakimbilia Kenya. Aliogopa nini, na hali waliokuwa wanakuja ndio waliokuwa wanamwondoa mwuaji wa Walango? Aliogopa kwamba watamwona kuwa mtu wa Amin. Ndiyo ile nyumba niliyosema. Upande mmoja alikuwa Mlango, upande wa pili alikuwa bingwa wa Amin, na risasi haiulizi maswali mawili. Kwa hivyo bingwa wa Olimpiki, mtu wa kwanza chini ya sekunde 48, akawa mkimbizi katika kambi hapa Kenya.

Hapo mmoja wetu akadakia, eti alikuwa Kakuma! Nikamsahihisha, na nawasahihisha nanyi mtakaosoma: Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, kwa ajili ya vijana waliotoka Sudan kwa miguu. Mwaka 1979 haikuwepo. Lakini rafiki yangu wa Kakuma hakujali ilikuwa kambi gani. Hakuuliza juu ya medali, hakuuliza juu ya rekodi. Aliuliza swali moja tu: ni nani aliyemtoa kambini?

Nikamjibu kwamba ni kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa akivivaa. Walisikia habari zake, wakamsaidia, akaenda Ujerumani na familia yake, akapewa kazi katika kampuni hiyo kwa miaka mitatu au minne. Rafiki yangu akatikisa kichwa, akanyamaza. Baadaye tukiwa tunateka maji akaniambia kwamba anafurahi kwa ajili yake, ila anawafikiria wale waliokuwa kwenye foleni ile ile ya chakula siku alipoondoka, ambao hawakuwa na kampuni ya viatu. Sikuwa na jibu, na sina hata sasa. Nimeyaandika hapa kwa ruhusa yake.

Mwaka 1980 Akii-Bua alikwenda Moscow na bendera ya Uganda, kwa mara ya mwisho katika Olimpiki. Alikuwa na miaka 30. Hakufika fainali. Miaka yake mizuri ilikuwa imekwisha katika ofisi za ruhusa, katika kususia na katika kambi. Alikuja akarudi Uganda, akafanya kazi ya kufundisha vijana riadha, akarudi na polisi. Habari za miaka hiyo si nyingi. Mkewe alimtangulia. Naye akafariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47, akaacha watoto 11. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa, na uwanja wa Lira ukaitwa kwa jina lake. Damu ya michezo haikuisha katika ukoo, kwani mpwa wake David Obua aliichezea kandanda timu ya taifa ya Uganda, na alifika hadi Hearts ya Scotland.

Ilikuwa lazima Uganda ingoje miaka 40 kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki. Ilikuja mwaka 2012 kule London, kwa miguu ya Stephen Kiprotich katika marathoni. Siku hizi wanazo zaidi, kwa akina Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai. Na mbio zenyewe za viunzi zimekwenda mbali. Karsten Warholm wa Norway alikimbia sekunde 45.94 kule Tokyo mwaka 2021, jambo ambalo nikilisoma nahisi kuna mtu aliyekosea kuandika. Lakini nipime kwa kipimo cha kwetu. Mwaka 2015 kule Beijing Mkenya Nicholas Bett, ambaye naye ni marehemu sasa, alikuwa bingwa wa dunia wa viunzi hivi vya mita 400. Muda wake ulikuwa 47.79. Miaka 43 baada ya Munich, na viatu vipya, na viwanja laini, alimpita Akii-Bua kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kupepesa jicho ni zaidi ya hapo.

Kitu kingine ambacho kimebadilika, nacho rafiki yangu alinikumbusha nisikisahau. Mwaka 2016 kule Rio, kwa mara ya kwanza, wakimbizi waliingia uwanjani wakiwa timu yao wenyewe. Wanamichezo walikuwa 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wenye asili ya Sudan Kusini waliokulia kambi ya Kakuma. Aliyebeba bendera alikuwa Rose Nathike Lokonyen, msichana wa mita 800. Alianza kukimbia kambini, tena bila viatu. Dadake rafiki yangu huwa anasema aliwahi kumwona akifanya mazoezi, nasi huwa hatumwamini sana, kwa sababu kila mtu wa Kakuma husema hivyo.

Sasa nimalizie habari ya goti. Lilipopona nilimwomba mwalimu wa michezo anipime. Tulipima duara la mita 400 kwa kamba, pale uwanjani penye mchanga, tukasimamisha fito 10 na safari hii tukazifunga kwa uzi mwembamba ili zikigongwa zianguke zenyewe. Rafiki yangu wa Kakuma alisimama kwenye kona kunihesabia hatua kwa sauti. Upepo wa alasiri mnaujua, ulikuwa unanipiga kifuani mgongo mzima wa uwanja. Niliangusha fito mbili, ya tano na ya tisa, lakini mimi sikuanguka. Nilipovuka mstari mwalimu akasimamisha saa, akanionyesha: sekunde 68.

Tukapiga hesabu pale pale, nikiwa bado nimeinama. Akii-Bua angekuwa amemaliza sekunde 20 kabla yangu. Wakati mimi nakifikia kiunzi cha mwisho, yeye angekuwa tayari yumo katika kona ya kwanza kwa mara ya pili, akipunga mikono, akiruka viunzi vya bure.